Kilo 23, damu ya ukoo na namba za makontena

Swali:

Asalaam aleikum daktari. Nina miaka 34, naishi Kisauni na nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Niliambiwa nina baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, miaka minne iliyopita, baada ya kulazwa. Nameza lithiamu, olanzapini usiku, na kile kidonge kidogo cha Artane. Nilikuwa kilo 61, leo ni kilo 84, na urefu wangu ni sentimita 160. Shida yangu kubwa si nguo kunibana, ni kichwa. Zamani nikisomewa namba ya kontena mara moja ilikuwa inanigandia. Siku hizi naiandika, naipoteza karatasi, kisha naulizia tena mpaka wenzangu wanaangaliana. Mdogo wangu amesoma kwenye simu kwamba unene unaua akili ya mwenye baipola. Shangazi naye asema hakuna la kufanya: bibi yetu alikuwa mnene, mjomba alikuwa na ugonjwa huu huu, na maji hufuata mkondo. Sasa ni jeni, ni unene, au ni dawa? Nafikiria kuziacha dawa nijaribu chai ya kupunguza tumbo. Na nina binti wa miaka tisa. Naye je?

Jibu:

Waaleikum salaam, mwanangu. Naanza na chai kwa sababu ndiyo ya haraka. Usiinunue. Chai nyingi za aina hiyo ndani yake mna sanamaki, ile ile ambayo bibi zetu walitusafishia matumbo. Ukiharisha siku mbili tatu kwa joto hili la kwetu, maji na chumvi vinakutoka, figo zinaanza kushikilia chumvi iliyobaki, na lithiamu inashikiliwa pamoja nayo, maana figo haiwezi kuzitenganisha vizuri. Kiwango cha lithiamu tunachokitaka kwenye damu ni kati ya 0.6 na 1.0. Kikipita 1.5 mikono hutetemeka kwa nguvu, mtu hutapika, huyumba kama aliyelewa, na kikizidi hapo tunaanza kuzungumzia figo na uhai wake. Nafasi kati ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru ni nyembamba. Ndiyo maana kukata chumvi ghafla, kufunga bila kumwuliza daktari, au kumeza dawa za mgongo kama diklofenaki na ibuprofeni ni mambo ya hatari kwako, ingawa jirani yako anayafanya na hapatwi na kitu. Vidonge vya kupunguza mwili vyenye vichangamshi navyo ni hivyo hivyo: huja na mapigo ya moyo ya mbio, usiku usio na usingizi, na kwa mwenye baipola usiku wa namna hiyo ndio mlango wa kupanda, yaani kuchangamka kupita kiasi. Muguka, yale majani ya kutafuna, nisiposema mtasema nimeuogopa, nao umo kwenye fungu hilo.

Na kuziacha dawa? Lithiamu ikikatwa ghafla, ugonjwa hurudi kwa kasi na hatari ya mtu kujidhuru hupanda. Kisha kila ukipanda na kushuka upya, akili hiyo hiyo unayoililia inapata pigo jingine. Kwa hiyo hatuachi. Tunachoweza ni kuzipanga upya, na hapo kuna mengi ya kufanya.

Nikirudi kwenye swali lako, nitasema mapema ninavyoona. Jeni zina mkono, unene una mkono, lakini mshukiwa wangu wa kwanza ni kile kidonge kidogo ulichokitaja mwisho, kana kwamba hakina neno.

Artane ni benzheksoli. Hutolewa kwa mtu aliyekakamaa shingo au kutetemeka kwa sababu ya dawa za zamani kama haloperidoli, na nadhani ulidungwa moja ya hizo ulipolazwa. Inazuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia kupokea jambo jipya na kulihifadhi. Mdomo mkavu, choo kigumu, macho yasiyosoma vizuri maandishi ya karibu, na namba uliyosomewa sasa hivi ikayeyuka: hayo ni matokeo yake yanayojulikana kabisa. Sasa, olanzapini kwa kawaida haikakamazi mwili kama haloperidoli, na mtetemeko mwembamba wa mikono unaoletwa na lithiamu hautulizwi na Artane. Ina maana huenda unameza kidonge ambacho kazi yake ilikwisha miaka mitatu iliyopita, na hakuna aliyekumbuka kukiondoa. Hili naliona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Karatasi ya dawa inanakiliwa mwezi baada ya mwezi, na kidonge kinasafiri nayo. Usikiache mwenyewe kwa siku moja, maana kukatwa ghafla kuna madhara yake, nenda ukaulize, “Hiki bado nakihitaji kwa nini?” Mara nyingi hupunguzwa taratibu kwa wiki chache.

Mshukiwa wa pili ni tezi ya koo, thairoidi. Lithiamu huweza kuizorotesha, hasa kwa wanawake. Ikizorota uzito hupanda, fikra huwa kama zinatembea kwenye matope, nywele hukatika, na mtu huhisi baridi. Mtu akilalamika baridi Mombasa mwezi wa Februari, mimi huchukua damu bila kumwuliza swali la pili. Kipimo chake ni TSH, na anayetumia lithiamu anapaswa kukifanya kila miezi sita pamoja na figo. Ikiwa hujapimwa mwaka huu, hilo ndilo la kwanza kudai ukifika kliniki. Tezi iliyozorota hutibiwa kwa kidonge kimoja cha asubuhi, na lithiamu inaendelea.

Kuna na sonona, yaani ule upande wa kushuka, ambayo haijaisha vizuri. Mtu anaweza kuwa anakwenda kazini, anapika, anacheka harusini, na bado yumo ndani ya mawingu kidogo. Kumbukumbu humlegea kwa sababu hakuwa makini tangu mwanzo. Jambo ambalo halikuingia haliwezi kutoka. Sitakutibu kwa barua, lakini jiulize kama bado unafurahia vile ulivyovipenda.

Na ugonjwa wenyewe, tusifichane. Vipimo vya umakini, kumbukumbu ya maneno na kupanga mambo hushuka kwa baadhi ya wenye baipola hata wakati hawajapanda wala kushuka. Si kwa wote. Wako wanaopimwa na kukutwa sawasawa na jirani zao wasio na ugonjwa, na wako wanaokutwa wameachwa nyuma waziwazi. Tofauti hiyo kubwa kati ya mtu na mtu ndiyo inayotufanya tutafute sababu nyingine juu ya ugonjwa, na hapo ndipo unene ulipoingia katika utafiti.

Mdogo wako hakusoma uongo. Alisoma kweli iliyotiwa chumvi. Mwaka 2021 watafiti wa mtandao wa kimataifa uitwao ENIGMA walitoa matokeo ya picha za ubongo za watu 2,735, wenye baipola na wasio nayo. Wenye baipola, kwa wastani, walikuwa na uzito mkubwa kwa urefu wao, na sehemu ya tofauti zilizoonekana kwenye ubongo, hasa ukubwa wa vyumba vya maji vilivyomo katikati yake, ilikwenda pamoja na uzito huo. Tafiti nyingine zimeona wenye baipola walio wanene wakipata alama za chini kwenye vipimo vya kupanga na kukumbuka. Lakini kwenda pamoja si kusababisha. Mtu aliyeshuka mara nyingi hutembea kidogo, hula ovyo, hupewa dawa nyingi zaidi, na kila kimoja cha hivyo kinaweza kuongeza kilo na kupunguza alama. Picha iliyopigwa siku moja haikuambii kipi kilitangulia.

Hata hivyo sitaupa unene barua ya kuachiliwa huru, kwa sababu njia zake tunazijua. Mafuta ya tumboni hutoa kemikali za uvimbe zinazozunguka na damu. Insulini huanza kupuuzwa na mwili, nao ubongo huitegemea insulini kwa kazi zake, si kwa sukari tu. Presha hupanda na kuchosha mishipa midogo. Na kuna jambo ambalo watu wa pwani hulicheka badala ya kulitibu: kukoroma. Shingo ikinenepa, njia ya hewa hubanwa usingizini, pumzi hukatika sekunde kumi na zaidi, mara nyingi kwa usiku, na mwenyewe hajui. Asubuhi kichwa kinauma, mchana anasinzia ndani ya matatu, na kazini hakumbuki kitu. Ukiwa unalala na mtu, mwulize kama pumzi yako hukatika kisha ukashtuka kwa mkoromo. Kama ndiyo, mwambie daktari, maana hiyo peke yake inaweza kueleza nusu ya shida zako, na isipotibiwa inamvuruga mwenye baipola hata hisia zake.

Kanada, mjini Halifax, daktari Cynthia Calkin na wenzake waliwachukua watu 45 wenye baipola na sonona sugu ambao miili yao ilikuwa imeacha kusikia insulini, wakawapa baadhi yao metformini, dawa ya kisukari, na wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa 2022. Katika 20 waliopewa metformini, 10 walirudi kuisikia insulini. Katika wale wengine 25, mmoja tu. Waliorudi walipata nafuu ya sonona. Ni watu wachache, na shabaha ilikuwa sonona, si kumbukumbu, kwa hiyo usikimbilie duka la dawa. Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba mwili na akili si nyumba mbili za mitaa tofauti.

Kilo 23 zako zimetoka wapi basi? Sehemu kubwa, kwa maoni yangu, ni olanzapini. Hiyo ni moja ya dawa zinazonenepesha kupita zote tulizo nazo katika fani hii. Inafunga vipokezi vya histamini na vya serotonini vinavyoushibisha ubongo, hivyo mtu anakula na tumbo linamwambia hajala. Uzito hupanda kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo. Kwa hiyo usijilaumu kuwa mlafi. Wewe ulikuwa unapigana na njaa iliyotengenezwa. Tena njaa yake ina saa yake. Unameza kidonge saa mbili usiku, saa nne njaa inafika, na saa nne usiku pembezoni mwa barabara zetu kuna nini? Viazi karai, mishkaki, chipsi. Mboga za majani saa hiyo hazikaangwi. Wagonjwa wangu wengine husaidika kwa kukisogeza kidonge kiwe karibu na kulala, ili njaa ikija iwakute usingizini. Muulize daktari wako kama kwako inafaa.

Lithiamu inaongeza kidogo kwa njia yake: kiu. Artane nayo imeshakausha mdomo. Kiu ya aina hiyo ukiizima kwa soda na juisi ya miwa, hesabu yake ni kali. Soda ya nusu lita ina sukari gramu 50 na zaidi, yaani vijiko vya chai kumi na viwili na ziada. Mbili kwa siku ofisini, umekula vijiko ishirini na vinne kabla ya kugusa chakula. Hapa ndipo ningeanza mimi. Mahamri na mbaazi za asubuhi tutaziongelea baadaye, tena kwa huruma. Maji usiyapunguze, ila yawe maji.

Sasa shangazi. Ana ukweli mkononi, ila anaupima kwa mizani ya maneno ya harusini. Baipola ni katika magonjwa ya akili yanayofuata ukoo kwa nguvu: tafiti za mapacha huiweka sehemu ya urithi kati ya asilimia 60 na 85. Uzito wa mwili nao ni wa kurithi kwa kiasi kikubwa. Lakini haipo jeni moja ya baipola iliyoshuka kutoka kwa mjomba wako kama pete ya ukoo. Uchunguzi mkubwa uliotoka mwaka 2025, uliojumuisha wenye baipola zaidi ya 158,000, ulipata sehemu 298 za vinasaba zinazohusika, kila moja ikisukuma kidogo mno.

Unene ni hivyo hivyo. Jeni maarufu kuliko zote, FTO, iligunduliwa kuhusika na unene mwaka 2007. Mwenye nakala mbili za aina yake yenye hatari huwa mzito kwa kilo tatu hivi kuliko asiye na hata moja. Kilo tatu. Wewe unaniambia 23. Na mwaka 2011 takwimu za watu wazima zaidi ya 218,000 zilikusanywa pamoja, ikaonekana kwamba kwa wanaofanya mazoezi, nguvu ya jeni hiyo katika kuleta unene hupungua kwa zaidi ya robo. Hata hilo jeni lililo maarufu linasikia mtu akitembea.

Kuna jambo lililonishangaza mimi mwenyewe nilipolisoma. Mtu angedhani vinasaba vya baipola na vya unene vimefungwa kamba moja, kwa sababu watu wake wananenepa. Wanasayansi walipolinganisha, uhusiano waliouona ni mdogo sana. Na vinasaba vinavyoongeza hatari ya baipola vimeonekana kwenda pamoja, kidogo, na kusoma shule miaka mingi zaidi, si michache. Kwa hiyo ukungu ulio kichwani mwako haukuandikwa na ukoo kama ada ya ugonjwa. Kama jeni ndizo zingekuwa zinakula akili, tungetarajia kinyume. Hii ndiyo sababu nawatazama kwanza Artane, tezi, usingizi na sukari. Mambo hayo yanapimika kwa bei ya kawaida na yanabadilika.

Utakutana na matangazo ya kupima mate ili ujue chakula cha jeni zako. Weka pesa yako. Takwimu nyingi za vinasaba nilizokutajia zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, na hesabu zinazotokana nazo huyumba zikiletwa kwa Mdigo, Mgiriama au Mswahili wa Mji wa Kale ambaye damu yake imepita bandari tatu. Pengo hilo linafanyiwa kazi, tena si mbali nasi: utafiti uitwao NeuroGAP-Psychosis ulikusanya sampuli Ethiopia, Uganda, Afrika Kusini na hapa Kenya, Eldoret na Kilifi, kwa ajili ya skizofrenia na baipola. Mpaka kazi kama hiyo ikomae, fedha za mate zikupimie sukari ya kufunga au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache), mafuta ya damu, presha, TSH, figo na kiwango cha lithiamu.

Ukienda kliniki, iwe Port Reitz, iwe hospitali kuu ya Makadara au kwa daktari wa kulipia, beba chupa zote za dawa, si karatasi. Sema uzito wako wa kabla na wa sasa. Kwa urefu wako, 84 inakuweka karibu na 33 kwenye kipimo cha BMI, yaani uzito kwa urefu, na unene huhesabiwa kuanzia 30; tena waombe wakupime kiuno, kwa sababu kiuno kinasema habari za insulini vizuri zaidi kuliko mizani. Kisha uliza mambo mawili. Je, olanzapini inaweza kubadilishwa kwa dawa isiyonenepesha sana, kama aripiprazoli au lamotrijini, kulingana na kama kinachokusumbua zaidi ni kupanda au kushuka? Na kama haibadiliki, je, metformini inafaa kuongezwa? Inapunguza kilo chache, si ishirini, na inataka figo nzima. Ukiambiwa ubadilishe kwenda valproeti, dawa nyingine ya baipola, kumbuka kusema kama bado unatarajia kuzaa, maana hiyo humdhuru mtoto tumboni vibaya sana, na kwa unene haina nafuu pia.

Kutembea, ndiyo, najua umeshaambiwa na kila mtu. Sitaki uende mazoezini saa mbili kwa siku. Shuka tuktuk mapema, tembea nusu saa jioni jua likiwa limelegea, na maji uchukue. Jua la saa saba mchana na lithiamu havipatani. Mahamri nimekuachia ya Ijumaa na Jumapili.

Binti yako. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja ana baipola hatari yake ni kubwa kuliko ya watoto wengine, lakini katika kumi wa namna yake, tisa hivi hawaupati. Hata kwa mapacha waliofanana kabisa, mmoja akiugua si lazima wa pili augue, na hao jeni zao ni zile zile. Hapimwi chochote sasa. Alale mapema, na akifika umri wa ujana mweleze ugonjwa wako kwa jina lake, ili asije akausikia mara ya kwanza kwa shangazi.

Limebaki la ofisini, maana vipimo na mabadiliko ya dawa vitachukua wiki kadhaa na makontena hayangoji. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ile ya mwisho ni ya kukagulia tu. Vitu kumi na kimoja vikisomwa mfululizo humtoka hata asiyemeza dawa yoyote. Zamani ulikuwa unajivunia jambo gumu. Zikate: herufi nne, pumzika, tatu, tatu, kisha ile moja. Mrudishie aliyekusomea kwa sauti kabla hajageuka. Na ziandike kwenye daftari moja lililofungwa kwa uzi kwenye meza yako, si kwenye karatasi.